Kipa Aliyekubali Kuitwa Garasa

Muhaisnah, Dubai

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kigoda ukae, maana ni ndefu na si yote ya kucheka. Mama anaendeleaje na miguu yake? Zuhura bado anaukimbia uji wa asubuhi? Na Saidi, ameacha kurarua kaptura za shule? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku mwaka huu limetukamia. Ukifungua bomba uoge, yanatoka maji ya kunyonyolea kuku. Unajimwagia hivyo hivyo, utafanyaje.

Barua nimempa Bi Tatu, yule mama wa Pongwe anayefanya kazi za ndani kwa madam mmoja hapa mjini. Anakuja likizo, na amenihakikishia ataifikisha mkononi mwako mwenyewe. Usije ukashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu zetu tunapigia chumbani, na chumba kimejaa watu, na mumeo kitanda chake kiko juu ya changu. Hata nikikohoa anajua.

Ngoja nikuondoe wasiwasi kwanza: Rajabu yu hai, anakula, anaswali. Lakini kuna jambo, na siwezi kukueleza jambo lenyewe bila kukueleza mpira wa huku. Nivumilie.

Hapa kambini kila bloku ina timu. Yetu tumeiita Jasho, na jina limetufaa. Tunacheza Ijumaa alfajiri kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya maegesho ya mabasi, kabla jua halijawa kali. Kampuni yetu ni ya kukodisha watu: leo wanakupeleka kwenye ujenzi, kesho kufagia hoteli, keshokutwa kulinda duka. Kwa hiyo chumba kimoja kina kila aina ya binadamu. Sasa, ukimtaka mchezaji wa bloku nyingine, humlipi. Nani ana cha kumlipa? Unamsajili kwa kitanda. Anapewa kitanda cha chini, kimoja cha vile vilivyo karibu na kiyoyozi, na anasamehewa zamu ya kupika. Ukipanda na kushuka ngazi ya dabo-deka baada ya kutwa nzima ya zege, utajua kwamba kitanda cha chini ni cheo. Watu wamegombana kwa ajili yake mpaka wakashikana mashati.

Kamati ya usajili ni Kimaro. Ni Mchaga wa Rombo, fundi bomba, na kamati nzima ni yeye peke yake. Ana mdomo huyo! Kila Ijumaa tukifungwa, na tunafungwa sana, jioni yake watu wanakaa vitandani kubishania nani garasa, yaani mchezaji asiyefaa kitu, kuliko wote tuliowahi kusajili. Huo ndio mchezo wetu hasa, mpira ni kisingizio tu.

Na magarasa tumewahi kuwa nayo, wallahi. Kuna kisa cha Kato, Mganda, winga wetu wa kulia. Kimaro alimtoa kwa Bloku ya Wakenya abadilishwe na straika mmoja mrefu aliyesifiwa kwa vichwa. Tukashangilia. Jioni ya kwanza tukakaa tukingoja chakula, tunatazamana. Ndipo tulipokumbuka kwamba Kato ndiye aliyekuwa anatupikia, zamu za wote, kwa sababu alikuwa hapendi mapishi yetu. Huyo straika hata kuchemsha yai hajui, na vichwa vyenyewe alikuwa anafumba macho. Tulikula mkate na chai kwa muda mrefu, huku harufu ya mchuzi wa Kato inatujia kutoka bloku ya pili. Kimaro mpaka leo akikumbushwa anasema ulikuwa mkataba mzuri kwenye karatasi. Karatasi gani? Hatukuandikiana kitu.

Halafu kuna Wafula, Mkenya wa Bungoma, mlinzi kwenye lile duka kubwa la Al Barsha. Huyu tulimwona akicheza siku ya sikukuu, dada, tukachanganyikiwa. Kiungo yule! Kimaro akampa kitanda cha chini siku hiyo hiyo, kabla wengine hawajamnyakua. Ijumaa ikafika, tunavaa jezi, Wafula anavaa sare ya ulinzi, anafunga tai.

"We unakwenda wapi?" Kimaro akamuuliza.

"Duty, boss. Friday ndio mall inajaa. Sisi security hatuna off ya Friday."

"Mbona hukusema?"

"Ai! Si mngeuliza? Mlinipatia kitanda, nikasema asante."

Hajawahi kutuchezea hata mechi moja. Kitanda analalia, na anakoroma.

Nakuchekesha kidogo kwa makusudi, dada, maana sasa nafika kwa mumeo.

Unakumbuka Rajabu alivyokuwa kule kwetu, golini kwa timu ya shamba la mkonge. Watu walikuwa wanapiga penalti wanatetemeka. Basi alipofika huku na kupewa kazi ya kujenga majukwaa, yale mabomba na mbao wanazosimamia mafundi nje ya ghorofa, Kimaro alimsajili siku ile ile, na hapakuwa na ubishi. Mwaka wa kwanza tulikuwa hatufungiki. Wapakistani walikuwa wanakuja kumwangalia mikono. Ukitaka kumkasirisha Rajabu, mguse hapo. Mwite mchoyo, mwite mvivu, atacheka. Mwambie alilikosa shuti, hamtasemezana siku nzima. Wewe unamjua kuliko mimi.

Tangu Ramadhani iliyopita mambo yakageuka. Akaanza kufungwa magoli ya ajabu. Mpira unakuja taratibu, mtoto angeuzuia kwa mguu, yeye anauachia unapita. Watu wakasema amechoka, wengine wakasema mchanga unamsumbua. Mimi nikasema labda ana mawazo ya nyumbani, kwani ujenzi wa nyumba yenu nao unasuasua. Basi Ijumaa moja tukapigwa manne, na jioni kamati ikakaa.

Siku hiyo kisa cha Kato kilitajwa kikapita. Wafula alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, amekaa anavua viatu, akatajwa naye, akajitetea kama kawaida. Ndipo Kimaro akasimama katikati ya chumba, akasema, "Jamani, tusioneane haya. Kato tulimtoa, Wafula hachezi. Kuna mtu anacheza kila wiki na anatuua kila wiki. Garasa ni Rajabu."

Chumba kikalipuka. Wengine wanazomea, wengine wanampigia Kimaro makofi. Rajabu alikuwa amekaa pale pale kwenye kitanda chake cha chini, ametulia. Mimi nikasema moyoni, leo patachimbika.

Kimaro akaufanya mlango ndio goli. Akasimama mbele yake, akawa kipa, anaigiza magoli yote moja moja. "Lile la Wapakistani? Hili hapa!" Anagonga mwimo wa mlango. "Lile la kichwa la Wanepali? Hili hapa! La leo, la tatu? Hapa!" Watu hoi kwa kicheko, na mimi nacheka, dada, sikufichi, Kimaro akiigiza utacheka hata kama ni msiba. Mpaka nikaona anagonga mwimo ule ule. Kila goli, mwimo wa kushoto. Hakuna hata mara moja mkono wake ulikwenda kulia.

Kicheko kikanikauka.

Kimaro akaokota soksi zilizoviringwa, akasema, "Ona, hata hii angeikosa," akamrushia Rajabu. Hakurusha kwa nguvu. Zile soksi zilimjia Rajabu kwa upande wa kushoto zikampiga shavuni, paa! Hakukwepa. Hakupepesa jicho. Alishtuka baada ya kupigwa, kama mtu aliyeguswa gizani. Watu wakazidi kucheka.

Hapo ndipo mumeo akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya tangu amekuoa. Akacheka. Akainua mikono miwili, akasema, "Haya, jamani, yaishe. Mimi ndiye. Hakuna garasa kama mimi tangu timu hii iundwe. Kamati ikae chini, khalas."

Kimaro akakaa chini kweli. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Rajabu akakunja shuka lake, akakiacha kitanda cha chini kama desturi inavyotaka, akashika ngazi ya kitanda cha juu yangu. Mguu wa kwanza ukapata kidato. Wa kushoto ukakosa, akaning'inia, akapapasa, akapanda. Watu walikuwa wameshaanza kubishania kipa mpya. Mimi nililala nikiangalia mbao za kitanda chake na roho inaniuma. Rajabu wetu, akubali kuitwa garasa! Nikajua kuna kitu anakificha ambacho kwake ni kibaya kuliko jina hilo.

Kesho yake nilimkuta kwenye kamba za nguo, anaanika ovaroli. Nikaenda nikasimama kushoto kwake, nikanyamaza. Akaanika, akaanika, hakujua nipo. Nilipomwita akaruka.

"Shemeji," nikamwambia, "hilo jicho limeanza lini?"

"Jicho gani?"

"Rajabu, mimi si Kimaro."

Akakaa chini kwenye ndoo. Akasema lilianza kama utando, akadhani ni vumbi la saruji. Akawa analiosha. Utando ukashuka kama pazia mpaka ukafunga. Nikamuuliza, na kule juu unafanyaje? Maana jengo lao la Al Barsha limeshapita ghorofa ishirini, na yeye anatembea kwenye mbao nje, dada, kushoto kwake ndiko kuliko wazi. Akasema amezoea, anapapasa kwa mkono kabla ya kukanyaga. Akasema hivyo kama mtu anayenieleza namna ya kufunga mkanda. Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo shemeji hamtukani shemeji, na watani tunatukanana sana.

"Ukimwambia dada yako," akasema, "mimi na wewe basi."

Nilimburuta mpaka kwa daktari wa macho, zahanati moja ndogo ya Wahindi, siyo ile ya kampuni. Daktari alimwangalia muda mrefu. Akasema jicho la kushoto limekwenda, lisitafutwe. Akasema la kulia nalo limeanza, lakini hili likitibiwa mapema na kupumzishwa vumbi na jua linaweza kubaki. Apate hospitali kubwa, akae na watu wake. Rajabu akasema asante daktari, akatoka, akaniambia njaa inamuuma.

Nikamwambia arudi nyumbani. Akakataa. Nikambembeleza, akakataa. Nikamwambia karibu tunapimwa afya kwa ajili ya viza, watamgundua tu na watamrudisha kwa aibu. Akasema wakimrudisha wao ni sawa, atakuwa amerudishwa, lakini yeye kwa mguu wake hataondoka. Ndipo akaniambia sababu yenyewe. "Mwanaidi alinichagua mimi mbele ya watu wenye mashamba na maduka. Ukoo wenu wote ulimwambia anakosea. Leo nimrudie kipofu, waseme walisema? Bora wanicheke hawa wa chumbani."

Nilikuwepo, nakumbuka mjomba Kibwana alivyosema siku ya posa, na nadhani wewe unakumbuka zaidi.

Nilichoweza kufanya ni kumshusha kule juu. Nikamwendea fomani wetu, Mhindi mtu mzima, yeye ndiye anayepanga nani apande basi gani. Wewe unajua mimi nilikuwa ghalani pale Freezone, lile eneo la biashara la uwanja wa ndege, kazi ya kivulini, kubeba maboksi na kubandika vibandiko, kiyoyozi kinavuma. Nikamwambia anibadilishe na Rajabu. Fomani akanitazama kama nimepigwa na jua.

"Watu wananililia niwatoe juu niwapeleke ghalani. Wewe unalilia kwenda juu? Una wazimu?"

Nikamwambia nimechoka na maboksi. Akatikisa kichwa, akasema yalla, Jumamosi.

Kimaro aliposikia alisema hayo ndiyo mabadilishano mabovu kuliko yote aliyowahi kuyaona, yamepita hata yale ya Kato. Alisema akicheka, kisha akamwangalia Rajabu, akaniangalia mimi, akaelewa. Mchaga yule ana mdomo lakini si mjinga. Tangu siku hiyo hajaitaja kamati tena. Ijumaa zimekuwa kimya. Kitanda alichokiacha Rajabu kimebaki kitupu, hakuna anayekitaka, na Wafula ndiye aliyekuja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee wetu ataenda home lini?"

Kwa hiyo mimi sasa ndiye niko juu. Usimwambie mama. Unanijua, minazi yetu nilikuwa namlipa mtu aikwee, na mlikuwa mnanicheka. Wiki ya kwanza nilikuwa natapika kila tukishushwa. Sasa natapika siku mojamoja. Wanakufunga mkanda, na mkanda una ndoano, na ndoano lazima uitoe na kuipachika kila unaposogea, na katika ule muda wa kuitoa na kuipachika huna kitu isipokuwa Mungu. Upepo wa huku ni wa moto na una mchanga. Ninafumba jicho la kushoto wakati mwingine nione alivyokuwa anaona yeye. Huwa nafumbua haraka. Naogopa, dada. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia, na huku mwanamume akisema anaogopa anachekwa.

Na Rajabu hanisemeshi. Tangu Jumamosi ile ya kwanza. Salamu yangu haitikii, chakula nikimpakulia anakiacha kinapoa. Amenikasirikia kwa sababu nimepanda mahali pake na anajua kwa nini. Kazi za ghalani anafanya vizuri, nimeuliza, ila alimgonga mtu kwa mkokoteni upande ule, na wameanza kumwangalia. Vipimo vya viza havikwepeki. Na jicho la pili halingoji vipimo.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shangazi Mwanahamisi, dua zake nazihitaji mwezi huu kuliko miezi mingine. Nisalimie mzee Shebe, jirani yetu, na fundi Ali anayejenga nyumba yenu, mwambie asimame kwanza, asiendelee, atajua baadaye. Mjomba Kibwana usimsalimie kwa leo. Watoto wabusu vichwani. Zuhura mwambie uji anywe.

Sasa ninalokuomba. Mwite mumeo. Mpigie simu wewe, usingoje akupigie. Usimwambie nimekuandikia, usitaje jicho, usimlilie kwamba anaumwa, maana atakataa. Mwambie umechoka kukaa peke yako na unamtaka nyumbani. Najua hutakuwa umesema uongo. Mimi nimeshindwa, daktari ameshindwa, chumba kizima kimeshindwa.

Lakini hajawa jiwe. Yeye wa Freezone anarudi mapema, mimi basi letu linachelewa kwa foleni za Al Barsha. Kila jioni basi likiingia kambini namkuta getini. Amesimama amegeuza uso pembeni, ili lile jicho la kulia lielekee mlango wa basi, anaangalia mmoja mmoja anavyoshuka. Akiniona nimekanyaga chini, anageuka anaondoka bila salamu. Hajakosa hata siku moja. Mtu wa namna hiyo, dada, ukimwita wewe atakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani